Jua la Watu na Jua la Ng'onda

Siku zile nilikuwa mshonaji wa kanzu pale Kismayo, na sifa yangu kubwa, niliyojipa mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyejali kunipa, ni kwamba jua halinijui. Kutoka nyumbani mpaka dukani ni hatua chache, na zote nilizipita ubavuni mwa kuta. Dukani nilikaa nyuma kabisa na cherehani yangu, gizagiza, hata wateja wengine walipiga hodi mara tatu wakidhani hamna mtu. Miguu yangu ilikuwa myembamba, na nikipanda ngazi za msikiti nilisimama katikati nikijifanya nasoma dua, kumbe natafuta pumzi. Nikiulizwa, nilisema uungwana ndivyo ulivyo.

Mke wangu Mwanaesha nilimwoa kutoka Chula, kisiwa kimoja katika visiwa vya Wabajuni huko kusini. Mtoto wetu wa kwanza, binti, alikufa kwa homa kabla hajatimiza mwaka. Homa ilimshika siku moja baada ya kupelekwa harusini mtaa wa pili, nami nikakata shauri kwamba nje ndiko kulikomuua. Alipozaliwa Shee, nikafunga madirisha yote. Sikuyafunga kwa ubaya. Nilimpenda mtoto yule hata akipiga chafya ndani, mimi dukani nasimamisha cherehani. Lakini alitimiza miaka miwili hajasimama. Miguu yake ilikuwa laini, imepinda kidogo, na ukimwinua alikunja magoti akalia. Mwanaesha alisema mara moja, akasema mara kumi: mtoto atolewe nje. Nikamjibu kwamba mimi ndiye baba, jibu ambalo hutolewa na mtu asiye na jibu.

Siku moja akaomba ruhusa kwenda kwao harusini pamoja na mtoto. Nikampa, kwa sharti kwamba Shee afunikwe shuka mpaka afike. Harusi ikaisha, mwezi ukaisha, na wa pili nao ukaisha. Majirani wakaanza kuniuliza habari za nyumbani kwa ile sauti ya kuulizia mgonjwa. Ndipo akaja shemeji yangu Kale, kaka yake Mwanaesha, ambaye alikuwa akileta sokoni ng'onda, yaani samaki waliotiwa chumvi wakakaushwa. Alisimama mlangoni mwa duka langu akipepesa macho kwa giza.

"Shemeji, dada yangu akusalimu sana," akasema. "Asema harudi mpaka mtoto asimame kwa miguu yake. Na akisimama, harudi penye madirisha yaliyofungwa."

Nilishona mshono mzima bila uzi ndani ya sindano. Nyumba bila Mwanaesha na Shee ilikuwa imenishinda, ila sikutaka Kale aone. Nikamwambia nakwenda naye, nikamlete mke wangu.

Alfajiri ya Jumatatu, pwani ya Kismayo. Nilivaa kanzu mbili, koti la sufu na kilemba, na juu ya yote nikafungua mwavuli mweusi nilioununua kwa Mhindi. Kale alikuwa na shuka kiunoni na pama kichwani, ile kofia pana ya ukindu. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Shemeji, wenda Chula au wenda kuzikwa?"

"Nakwenda kumchukua mke wangu," nikasema kwa sauti nzito.

"Haya, panda. Na hiyo kamba usiikanyage."

Niliikanyaga, nikaingia ndani ya dau kwa kichwa.

Tulipofika mkabala na kisiwa cha Fuma, nikiwa nimekwisha kutapika mara moja, upepo uliingia chini ya mwavuli. Mwenye akili angeuachia. Mimi niliung'ang'ania kama mali ya urithi, ukanivuta mpaka ukingoni, na lau Kale asingenidaka koti kwa nyuma, ningeswaliwa Fuma. Mwavuli ukapinduka, ukachomoka mkononi, ukaenda zake. Mabaharia wawili tuliokuwa nao walicheka mpaka wakakaa chini. Kale akavua pama yake akanipa, nikaikataa kwa kuwa inanuka samaki. Baada ya muda si mrefu, kipaji cha uso kinawaka, nikaiomba mwenyewe. Alinipa bila neno, na hilo lilinichoma kuliko jua.

Kabla ya adhuhuri tulishuka kisiwa cha Koyama. Nilidhani tumefuata maji, kumbe tumelikimbia jua. Kisiwa kizima kilikuwa kimeingia kivulini: wanaume chini ya banda la makuti wakishona nyavu, watoto wamelala, hata kuku wako chini ya dau lililopinduliwa. Mwenyeji wetu, mjane mmoja mchangamfu aliyekuwa akisuka ukili, alituletea wali na papa, akanikodolea macho nilivyokaa na koti langu nikitiririka jasho.

"Huyu mgonjwa?" akamuuliza Kale.

"Si mgonjwa, mama," nikadakia. "Mimi fundi wa kanzu."

"Aa," akasema, kana kwamba ni mamoja, akaniongezea mchuzi.

Kesho yake asubuhi tulifika Chula, jua likiwa bado chini na mchanga una rangi ya tangawizi. Nilisimama mbele ya dau ili mke wangu anione nimesimama. Nilimwona Mwanaesha pwani pamoja na mama yake na wanawake wengine, wameketi mduara. Katikati ya mduara nikamwona Shee, lakini nusu. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa mwanangu, na kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mchanga mtupu.

Mimi nimewahi kumtia mtoto mchangani kwa mikono yangu, na moyo wangu haukungoja kuelezwa. Nilijitupa majini na kanzu zangu mbili. Maji yalinifika kifuani, koti likanivuta chini, nikanywa mafunda kadhaa, nikatambaa mpaka nchi kavu na kuanza kufukua kwa kucha huku nikipiga kelele kwamba wamemzika mtoto hai. Shee, aliyekuwa akicheza na makombe kwa raha zake, alilia kwa kuharibiwa mchezo.

Mkwe wangu nilikuwa sijawahi kumtazama usoni, kwa adabu. Siku ile nilimtazama kutoka chini, nimepiga magoti, mchanga mdomoni.

"Karibu, mwanangu," akasema taratibu. "Kwanza mrudishe ulipomtoa."

Nikamrudisha. Nilipotulia ndipo nikaelezwa. Kila asubuhi, jua likichomoza, walimchimbia shimo, wakamsimamisha humo, wakashindilia mchanga ukamkaza kiuno na miguu ili asimame bila kuchoka wala kuogopa kuanguka. Jua la mapema lilimpata mgongoni. Likianza kuuma alitolewa, akapakwa mafuta ya nazi, akalishwa wali uliopondwa na ini la papa, akalazwa kivulini mpaka alasiri. Nilimshika mapaja. Yalikuwa yameanza kukaza.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," mkwe wangu akaniambia. "Wewe umemlea kama kanzu ya Idi, umemkunja ukamtia sandukuni. Sasa walia kwamba ana makunyanzi."

Mwanaesha hakunisemesha siku ile, wala siku ya pili. Alinitilia chakula, akanitandikia, akafanya yote ya wajibu, kwa kimya kile ambacho waume tunakijua.

Wiki mbili za kwanza zilipita hivyo. Asubuhi nilikwenda na Shee pwani, nikachimba shimo mwenyewe, na mara ya kwanza nikalichimba karibu na maji mno likajaa. Mkwe wangu alinifundisha kupima jua kwa kivuli. "Kivuli chako kikikuzidi urefu, kaa nje," akasema. "Ukikizidi wewe, ingia ndani. Wachu wa hapa wote wajua hilo, hata wasiojua kusoma." Wachu ndio watu kwa lugha yao, na mimi ninayejua kusoma nilikuwa sijui. Niliacha koti, nikaacha kanzu ya pili. Nikalala usingizi ambao sikuujua tangu utoto, nikala hata mkwe wangu akaanza kufunika sufuria. Shee sasa alisimama akishika goti la bibi yake. Akiliachia tu, huketi.

Hapo ndipo akili yangu ya dukani ilipoamka. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa karibu kuanza, na Kale angesafiri nayo kurudi Kismayo. Nilitaka nirudi na watu wangu. Nikawaza: ikiwa jua kidogo lamfaa mtoto, jua jingi si litamponya upesi? Saa sita kamili, watu wote wamejilaza, nikambeba Shee nikanyata kuelekea mlangoni. Mkwe wangu alikuwa ameketi kizingitini.

"Wampeleka wapi?"

"Juani, mama."

"Asubuhi ni jua la wachu. Hili ni la ng'onda." Akamchukua mtoto mikononi mwangu kama mtu anayepokea kikombe. "Lakini wewe ni mkubwa, ukilitaka nenda kalichukue."

Mtu mwingine angerudi kulala. Mimi nilitoka kwa hasira, nikavua nguo ya juu, nikajilaza karibu na chanja ambapo Kale alikuwa ameanika papa wake, ili nimwonyeshe mwanamke yule kwamba jua ni jua. Na uchovu wa kuchimba mashimo ukanipitia. Kale alipokuja kugeuza samaki alinikuta nami nahitaji kugeuzwa.

Jioni ngozi ya mgongo na uso ilikuwa ikiwaka, na usiku nikapata homa. Kesho yake nilianza kuchunika kama kitunguu. Mwanaesha alileta kijiwe, akasugua liwa na maji, ule msandali wanaojipaka wanawake usoni, akaanza kunipaka.

"Liwa ni ya bibi harusi," nikalalamika.

"Basi leo umeolewa," akasema. "Nyamaza, isipasuke."

Ndilo neno la kwanza la mzaha aliloniambia tangu nifike. Nilinyamaza, kwa furaha zaidi kuliko kwa utii. Liwa ilikuwa baridi, na vidole vyake nilikuwa nimevikosa muda mrefu.

Siku ya tatu asubuhi niliweza kutoka. Uso wote ulikuwa manjano iliyokauka, macho mawili na mdomo tu, na juu yake pama. Shee alikuwa ameshatolewa shimoni, amesimama ameshika goti la bibi yake. Nikamwendea kwa mapenzi yangu yote, nikafungua mikono.

"Shee, njoo kwa baba."

Mtoto aliniangalia. Mdomo ukafunguka, pumzi ikamwishia, kisha akapiga ukelele, akageuka, akaliachia goti na kukimbia. Hatua moja, mbili, tatu, mpaka saba, kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu, moja kwa moja hadi mapajani mwa mama yake. Mwanangu alitembea kwa mara ya kwanza duniani, na alitembea ili anikimbie mimi.

Nililia, sifichi. Machozi yakachora mifereji katika liwa, nikatisha zaidi, na Shee alipochungulia akaongeza hatua tatu nyingine nyuma ya mama yake. Hapo Mwanaesha akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akaanza kulia na yeye.

"Nitarudi," akaniambia jioni. "Na madirisha?"

"Nitayang'oa yote."

"Usiyang'oe, bwana. Yafungue tu."

Kusi ilipoanza kuvuma sawasawa tuliondoka Chula. Mkwe wangu alinipa pama mpya aliyoisuka mwenyewe, akasema hii haijanuka bado, niinukishe mimi. Shee alizurura ndani ya dau mpaka Kale akamfunga kamba kiunoni. Mimi nilitapika pale pale nilipotapika wakati wa kwenda, kwa hiyo siwezi kusema kwamba safari ilinibadilisha kila kitu.

Kismayo walinicheka. Fundi aliyeondoka rangi ya mkate amerudi rangi ya kahawa, na pua inachunika. Nilitoa cherehani barazani kwa saa za asubuhi, na jua likipanda nairudisha ndani. Kama mtu ataniuliza nilichojifunza, nitamwambia jua lina saa zake, walionifundisha ni mkwe wangu na ng'onda wa Kale. La pili ni gumu zaidi kulisema. Aliyekuwa akiogopa ni mimi, aliyefungiwa ni mtoto.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, mlango ukiwa wazi, Shee alifika kizingitini peke yake, akaangalia nje. Mikono yangu ikainuka yenyewe kumrudisha. Nikaishusha, nikaitia chini ya mapaja, nikaikalia. Akavuka, akaanguka kifudifudi barabarani, akainua uso kunitazama kama nitakwenda. Mwanaesha alikuwa nyuma yangu. Tangu Kismayo hadi Chula na kurudi nilipoteza mwavuli na ngozi ya mgongo, lakini hakuna kilichonichosha kama kuikalia mikono ile, mpaka Shee alipojikung'uta mchanga akasimama.