Nabintu wa Kwanza

Mwanangu, kuna asubuhi moja hainitoki kichwani, asubuhi ya ukungu uliopanda kutoka ziwani hadi mtaa wa Bagira, ukafunika nyumba zote ila mapaa yake. Nilikuwa kijana. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, nikawa mtu wa kutembea: leo niko Nguba natengeneza redio, kesho Nyalukemba nafungua kompyuta ya mtu ili tu nione ndani mna nini. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na udadisi, nikadhani udadisi ndio ujuzi.

Maman Josephine, karani wa parokia, aliniita. Majina ya waliobatizwa yalikuwa yamehamishiwa kwenye kompyuta, na vitabu vya zamani vilikuwa vimeozeshwa na mvua. Sasa binti mmoja, Nabintu, alikuwa anafunga ndoa Jumamosi, na cheti chake cha ubatizo kila kilipochapwa kilitoka na tarehe isiyo yake. Tukatazama. Nabintu walikuwa wawili: jina moja, baba mmoja, mama mmoja, tarehe zikipishana miaka miwili. Maman, akidhani binti ameandikwa mara mbili, alikuwa akijaribu kumfuta yule wa juu kwenye orodha tangu juzi. Programu ilikataa, ikisema jina hilo limeungana na mambo mengine.

Nilicheka. Nikamwambia programu ni mlango tu, mimi nitapita dirishani.

"We fundi," akasema, "unaingia mu dirisha sawa mwizi?"

Nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, ghala ambamo programu huweka majina yote. Sikuchukua nakala. Sikusoma jina hilo limeungana na nini. Niliandika amri moja: afutwe, yeye na vyote vilivyoshikamana naye. Nabintu wa juu akatoweka kimya, kama pumzi kwenye kioo. Cheti kikatoka sahihi, Maman akanimiminia chai, nami nikajiona mkubwa.

Kabla chai haijapoa aliingia Papa Bahati, baba wa bibi harusi. Alipokea cheti, akakibusu. Kisha akaomba aandikiwe misa yake ya kila mwaka, ya marehemu Nabintu. Maman akatafuta. Akampata bibi harusi peke yake. Ikabidi nimweleze nilichofanya.

Mzee alivua kofia. Hakupandisha sauti.

"Ule wa kwanza alikufa mutoto. Huyu wa kunyuma tulimupatia jina yake, juu tuendelee kuiita mu nyumba. Picha hatuna. Alikuwa tu mule mu mashini yenu."

Misa za miaka yote, zilizoandikwa chini ya jina lake, ndizo zilizokuwa zimemshika asifutwe.

Nilimwomba radhi, nikamwomba anitajie. Akafumba macho, akataja siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, msimamizi, na mvua iliyonyesha wakitoka kanisani. Niliandika yote, hata mvua, ingawa haikuwa na mahali pake. Mashine ikampa namba mpya, ya mwisho kabisa kwenye orodha ya waliobatizwa. Dada mkubwa wa bibi harusi akawa mdogo kuliko watoto wote wa parokia.

Papa Bahati aliigusa namba ile kwa kidole.

"Basi," akasema, "amezaliwa leo."

Mwanangu, kitu kikikataa kufutwa, usikimbilie dirisha. Uliza kwanza nani amekishika. Weka nakala kando, soma, kisha mtafute mwenye jina umuulize kwa mdomo. Mimi bado natembea, bado nafungua vitu vya watu, lakini kabla ya kugusa namsikia mzee yule akitaja mvua.

Mungu akupe macho ya kudadisi na mkono usio na haraka. Na siku utakapoondoka, awepo mtu wa kukushika usifutwe.