Tatu za Mjomba

Mpaka leo sijui kama nilichoandika ni historia au ni huruma.

Kazi ilianza kirahisi. Afisa michezo alisema klabu yetu ya Milanzi haiwezi kusajiliwa bila kurasa mbili: ilianzaje, inafuata kanuni gani, imewahi kushinda nini. Kamati yote ikanigeukia mimi. Nimeishia kidato cha nne, lakini nachapa kwenye steshenari, na kwa akili ya kamati anayejua kuchapa anajua na kuandika. Nikakubali huku nacheka. Kichwani nilishapanda ndege na timu ya wasichana, tunashuka Ayalandi na vitenge vya sare, wenyeji wanatupigia makofi.

Maana mchezo wetu umetoka huko. Wenyewe wanauita mpira wa Kigaeli. Milanzi tunauita mpira wa padri. Unadaka kwa mikono, unakimbia, unaudundisha, unapiga. Goli ni miti miwili mirefu ya mkaratusi, na mti mmoja umelala katikati, mtambaa panya. Chini yake kuna wavu tuliopewa na wavuvi wa Ziwa Rukwa. Mpira ukiingia wavuni, moja. Ukipita juu ya mtambaa panya, kati ya ile miti, tatu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa tangu shule ya msingi.

Aliyenisimulia yaliyopita ni mjomba wangu. Nilimkuta anapukuchua mahindi, amejifunga koti lake zito.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na kalamu, au umekuja na maneno tu?"

Nikamwonyesha kalamu. Akasema ujanani, kwenye mpira wa kawaida, alikuwa anapaisha kila shuti, hata penalti. Uwanja mzima ulimzomea: "Huyo anawinda kunguru!" Akaacha mpira kwa aibu. Kisha akaja padri wa Ayalandi, akasimamisha ile miti mirefu, akamwambia, wewe piga tu, hukohuko juu. Padri aliporudi kwao, vijana wakaendelea wenyewe. Siku moja wakaja wa Mtowisa, wamepanda lori kutoka bondeni, wanatetemeka kwa baridi yetu. Wakaingiza wavuni mara mbili. Mjomba akapitisha juu mara tatu. Tisa kwa mbili.

"Hata wale wa kunguru walinibeba mabegani," alisema, mikono imesimama juu ya gunzi. "Andika hilo kwanza. Mengine yatakuja."

Kesho yake, nikiwa steshenari, nikafungua simu ili ninakili kanuni vizuri. Zilikuwa kinyume. Wavuni, tatu. Juu, moja. Nikadhani simu imekosea. Nikafungua kurasa nyingine, nikatazama na video ya mechi nzima huku nahesabu kwa vidole. Hola. Kwa hesabu ile, Mtowisa sita, Milanzi tatu.

"Dada, mashine imeharibika?" mteja akauliza.

"Hapana. Ni mimi."

Nikaenda kwa aliyekuwa nahodha wa Mtowisa siku ile. Ni mzee wa Kisukuma, familia yake ilishuka bondeni na ng'ombe. Sasa anauza maziwa mgando karibu na uwanja wetu. Nikamuuliza nani alisema juu ni tatu.

"Mjomba wako! Mimi nilisema wavuni. Yeye akasema kupitisha juu kwenye upepo huu wa Sumbawanga ni kazi kubwa kuliko wavuni. Watu wakaona ana hoja. Nikakubali."

"Kabla ya mechi?"

"Kabla."

"Basi alishinda kweli?"

"Nilikubali kwa sababu nilijua hatapata hata moja!"

Nikamwonyesha video. Nilitaka anisaidie, sijui hata kwa lipi. Akaitazama, akafunika ndoo yake ya maziwa.

"Twende."

"Mzee, tafadhali, usimwambie vibaya."

"Nimesema twende."

Mjomba alikuwa uwanjani na filimbi yake, anawafundisha wasichana wenzangu.

"Mfipa!" mzee akaita kwa mbali, anacheka. "Simu ya huyu mtoto inasema uliniibia!"

Mjomba akatazama video mara mbili. Nilitamani kumpokonya simu.

"Nilidhani padri alisema tatu," akasema taratibu. "Au nilitaka aseme." Akanirudishia simu. "Futa niliyokusimulia. Andika Mtowisa ndio walioshinda."

Nilitegemea mzee aruke kwa furaha. Miaka yote analalamikia mechi ile. Lakini kicheko kilimwisha, akabaki anachorachora udongo kwa fimbo.

Mjomba akachukua mpira. "Basi na mimi nifunge ya wavuni. Moja tu, kabla sijafa."

Goli lilikuwa tupu. Alilenga chini, sote tuliona, mwili wote umeinama. Ama ni upepo, ama ni mguu ule ule wa zamani: mpira ukanyanyuka, ukapaa juu ya mtambaa panya, katikati kabisa ya miti.

Mzee akaacha kuchorachora.

"Tatu!" mzee akapiga kelele, fimbo iko juu. Akashtuka mwenyewe. Halafu akarudia, kwa ukali kama vile kuna anayembishia: "Tatu hizo, Mfipa! Si nimeona?"

Wasichana wakadakia, tatu, tatu. Mjomba akauficha uso kwenye kola ya koti. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikuenda kuangalia kama anacheka.

Jumatatu nikapeleka kurasa zangu. Kanuni niliandika zile za kwenye simu, maana wasichana tukienda Ayalandi tusije tukaaibika. Mechi na Mtowisa nikaandika: Mtowisa wavuni mara mbili, Milanzi juu mara tatu, Milanzi walishinda tisa kwa mbili.

Afisa akasoma, akarudi ukurasa wa nyuma, akahesabu kwa vidole.

"Mbona hesabu haziendani?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa nani alishinda?"

"Mjomba," nikasema haraka.

Aligonga muhuri, lakini vidole vyake vilikuwa bado vinahesabu. Na mimi, nikitembea kurudi steshenari, nikajikuta nahesabu vilevile.