Msalaba kwenye Nyumba ya Mtoni

Saa sita mchana, mwenzangu wa kazi huegemeza simu kwenye galoni la sabuni na kumpigia mama yake. Tunafua shuka za nyumba ya wazee, Tumba, huku Uswidi. Kwao mwenzangu ni mji mdogo kando ya mto, Amerika ya Kusini, na saa hiyo ndiyo kwanza kunapambazuka. Mama huongea Kihispania, binti ananitafsiria kwa Kiswidi, huku tunakunja.

Kwa miaka miwili nimeuona mji ule ukiendelea kwenye kioo cha simu: nguzo za umeme, mnara, kisha gati la mbao likang'olewa, ikamwagwa zege. Kila kitu kilishangiliwa.

"Mwambie huyo Mtanzania aje," mama hupenda kusema. "Mume tutamtafutia. Mzee kidogo, lakini ana boti ya injini."

Majira haya ya baridi akatuonyesha ukuta wake. Karibu na mlango palikuwa na mistari miwili ya rangi nyekundu, imepishana. Chini yake alikuwa ametundika maua ya plastiki.

"Vijana wanaopima barabara mpya wametubariki," alisema. "Hata yule mlevi jirani kapata msalaba!"

Nilisimama na shuka mkononi. Nikauliza nyumba ngapi zina alama ile. Mama akatoka nje na simu, akatembea. Zote za upande wa mto zilikuwa nayo. Za upande wa kilimani, hakuna hata moja.

Kwetu, mtu akisema nyumba yake imepigwa X, majirani hawaulizi. Wanampa pole kama aliyefiwa. Mama yangu mkubwa alipigwa X wiki aliyopanda mchicha. Hakuwahi kuuchuma.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huo si msalaba. Kwetu maana yake nyumba itabomolewa."

Mwenzangu aliniangalia kwanza, kana kwamba mimi ndiye niliyeipaka. Kisha akamwambia. Mama alicheka.

"Huyo ana wivu. Msalaba ni msalaba."

Lakini alikwisha kugeuka kuutazama ukuta, na hakusema tena habari za mume.

Kesho yake ukuta ulikuwa mweupe. Alikuwa ameupaka chokaa mwenyewe, kabla ya kwenda sokoni, na maua ameyatoa. Tulikunja shuka. Mashine zilikuwa zikizunguka, na nje theluji ilikuwa ikianguka juu ya theluji.

Siku ya tatu mama ndiye aliyepiga, na hakusalimia. Alituelekezea simu ukutani. Alama ilikuwa imerudi, kubwa kuliko ya kwanza, juu ya chokaa yake ambayo haijakauka vizuri. Chini yake waliongeza namba.

"Muulize mwenzio," alisema. "Kwao, namba ni ya nini?"

Mama yangu mkubwa hakuandikiwa namba. Nikajibu ukweli, kwamba sijui.

Iliyoandikwa ukutani ilikuwa 1, kama ya kwanza kwenye foleni.