Mama Mkwe na Klachi Yangu

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mpunga wa Madibira umeninunulia magari, yote otomatiki. Juzi nikachukua pikapu ya gia za mkono, nikampakia mama mkwe pale Iringa ili aone binti yake kaolewa na mwanaume.

Kwenye mwinuko wa Mlandege nikaachia klachi upesi, gari likazima. Nikawasha, likazima tena, likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki jasho likinitoka. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hata mkono hatupeani, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi kama utingo.

"Achia taratibu, baba. Mimi nitatembea."

Gari likaondoka. Niliogopa kusimama kumsubiri. Kwenye kioo nikamwona anapanda mlima, jiwe kalibeba.