Kivuli Nilichowajengea Kondoo

Tangu Nabor amwoe dada yangu Eduviges, hapa chini ya milima ya Sonora mimi sina jina. Naitwa shemeji wa Nabor.

Nabor hajui kusoma kitabu, ila mchanga anausoma. Kila jioni tunafagia ardhi kuzunguka hodhi la maji ya kondoo-mwitu, na asubuhi yeye huinama na kutaja waliokuja kunywa: dume, jike, anayechechemea. Watu humpa yeye kahawa ya kwanza. Mimi ninayepandisha maji kwa punda kiangazi chote hupewa ya mwisho, yenye machicha.

Mwaka ule wa ukame puma, yule paka mkubwa wa milimani, aliua kondoo wanne palepale hodhini. Wakabaki kumi na mmoja. Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba akiuawa mmoja zaidi, ulinzi wa hodhi atapewa Nabor. Sikulala vizuri. Kazi ile tu ndiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Asubuhi iliyofuata Nabor alifuata nyayo za puma mpaka kwenye kibanda cha matawi nilichojenga karibu na maji, kondoo wapate kivuli. Akachuchumaa ndani. Mchanga ulikuwa umebonyea kwa umbo la mnyama aliyelala, na manyoya ya rangi ya udongo yamenasa kwenye miiba.

"Shemeji," akasema, "kivuli chako kitamu. Ningekuwa puma, nami ningehamia."

Nilihisi uso unawaka. Nikamwambia basi akaseme mkutanoni, achukue hodhi, afurahi.

"Nifurahie nini? Kufukuzana na yule punda wako?" Akanipa panga. "Kata. Kondoo anataka kuona mbali, hataki kivuli."

Tulikata mpaka adhuhuri, tukaacha uwazi mtupu pande zote. Kiangazi kikaisha bila mzoga mwingine hodhini, na wana-kondoo wawili wakaonekana juu ya mwamba.

Mkutanoni walimuuliza Nabor amefanyaje. Alisema mwenye hodhi ndiye aliyeondoa vichaka, yeye alishika matawi tu. Kibanda hakukitaja. Basi Eduviges akaniletea kahawa mimi wa kwanza, mbele ya watu wote.

Niliinywa nikimtazama Nabor akipewa ya mwisho na kuyachekea machicha yake. Sikuwahi kumwonea wivu kama siku ile.