Hodi kwa Koko

Juzi, katika ofisi moja ya mtaa wa Area 18, mjini, niliona kisanduku chenye kitufe, kile kinachofanya kompyuta mbili zitumie skrini moja na kibodi moja. Nikasikia tena harufu ya vumbi lililopata moto.

Nyumbani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tulikuwa nacho kama hicho. Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya mahubiri ya baba yangu, Papa. Ya pili ilikuwa na picha ya Koko, bibi yangu, mama yake Papa, aliyebaki Bukavu. Mi, mtoto mdogo, niliamini Koko anaishi mle ndani, na kwamba tukibonyeza kitufe tunaingia nyumbani kwake.

Alasiri moja Mama alikuwa anashona, cherehani inalia, Papa akapeleka kidole kwenye kitufe. Nikamshika mkono.

"Papa, ngoja! Haujapiga hodi."

Hakucheka. Aligonga meza mara mbili. "Hodi, mama yangu."

Tukangoja. Cherehani ikanyamaza. Kisha Mama akaitika kwa sauti ya kizee: "Karibuni, batoto bangu."

Nikapiga makofi. Papa aligeukia ukuta, akafuta miwani yake muda mrefu. Nilidhani ni lile vumbi. Leo najua kwamba wiki ile Koko alikuwa amezikwa Bukavu, bila sisi.