Risasi ya Mama Zuia

Mimi na Mama Zuia tulisoma darasa moja, kisha tukaachana njia: yeye akaenda kwenye picha za eksirei, mimi kwenye tiba ya mionzi. Jina hilo alipewa na wagonjwa, maana kutwa nzima yeye ni "Vuta pumzi, zuia." Miaka ishirini tumebishana nani kapata kazi nzuri.

"Wewe unamuona mtu dakika tano," humwambia. "Mimi wangu namlaza pale pale wiki sita, mpaka wajukuu zake nawajua."

"Ndiyo maana kila msiba ni wako. Mimi napiga, natuma, nanyamaza."

Kunyamaza ndiyo sheria yao: mpiga picha hamsomei mgonjwa majibu, hiyo ni kazi ya daktari. Siipendi sheria hiyo hata kidogo.

Asubuhi moja nilimpelekea fomu ya kuomba kuhamia kitengo chetu. Mara mwanawe wa pekee akaingia, anamsukuma mkewe mbele. "Kateleza bafuni, mama. Fanya haraka, nina kazi."

Daktari alitaka picha ya mkono na ya kifua. Mkono ukatokea kwenye kioo: mfupa mmoja umekatika katikati, upande wa kidole kidogo. Anayeteleza hutanguliza kiganja, akavunjika karibu na kiganja. Pale katikati huvunjika anayekinga uso asipigwe. Na kifuani, mbavu mbili zilishavunjika zamani zikajiunga zenyewe.

"Nani kamvunja?" Mama Zuia akauliza.

"Wewe piga picha, mama. Maneno waachie madaktari."

Akamkamata mkewe mkono ule ule, akauvuta kuelekea mlangoni. Nilisikia mfupa. Binti wa watu alipiga ukelele, akaanguka, mumewe akamshindilia teke la tumbo mbele yetu, kama anayesogeza kiti.

Mama Zuia akachomoa ukutani aproni ya madini ya risasi, ile nzito ya kukinga mionzi, akamtandika nayo mwanawe usoni. Pua ikapasuka. Akarudia. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo, jino likadondoka sakafuni. Niliona raha, sifichi.

"Kampiga na nini?" mtu wa foleni akauliza.

"Risasi!" nikapayuka, mjinga mimi.

Basi, korido ikalipuka. Watu wakalala chini, magongo yakatupwa, mwenye plasta mguuni akawashinda wote mbio. Haikuchukua muda polisi wakaingia, bunduki mbele.

"Nani kampiga nani risasi?"

"Waambie ni mambo ya familia, mama," mwanawe akasema, mdomo umejaa damu.

Miaka ishirini Mama Zuia hajawahi kumsomea mtu picha. Alifuta kioo kwa kiganja. "Huu mfupa kauvunja yeye. Hizi mbavu, yeye. Teke nimeliona kwa macho yangu."

Mke alikuwa amezimia, polisi akauliza amwandike nani kuwa mlalamikaji.

"Mimi, mama yake mzazi," Mama Zuia akajibu analia. Kisha akamtajia jina la mwanawe herufi kwa herufi, asije akakosea.